Cheti Kisicho na Jina la Dawa

Muhanna kanijia Jumatano, soko la wanawake la Ibra limeshafungwa,
na risiti ya petroli kaikunja ndani ya kofia.
Nyuma ya risiti, nambari moja kwa wino wa buluu.
"Shangazi, ndiyo hii. Jamaa wa Sohari anaweka hii hii,
na bastola yake inalia, skwambii."

Nambari moja, peke yake.
Haisemi baruti ya kopo gani.
Haisemi kichwa cha risasi kina uzito gani, kimevikwa shaba au kiko uchi.
Haisemi ni gramu, au ile chembe ya Waingereza
ambayo kumi na tano zake hazifikishi gramu.

Miaka thelathini na moja nilisimama nyuma ya kioo cha duka la dawa,
nikipokea vyeti vya madaktari waandikao kama kuku aliyekanyaga wino.
Nikishindwa kusoma, napiga simu.
Daktari akikasirika, na akasirike.
Maiti hakasiriki, ndiyo tabu yake.

Nikaigeuza risiti: lita arubaini, pampu namba tatu.
"Upande huu ndio wenye habari kamili," nikamwambia.
Hakucheka.

Jumamosi Sajini Mbarak akatufungulia chumba cha klabu.
Nikaweka vitabu viwili mezani,
kimoja cha wenye baruti, kimoja cha wenye vichwa.
Baruti ile ile, uzito ule ule,
na ukomo wao haulingani.
"Basi kimoja kinasema uongo."
Hapana, mwanangu. Huyu kapimia mtutu mrefu, yule mfupi,
huyu fataki hii, yule fataki nyingine.
Wote wakweli.
Kila mmoja kaapa juu ya chuma chake,
hakuna aliyeapa juu ya chako.

Tukashika kitabu chenye ukomo mdogo,
na humo tukaanzia pale kinaposema anzia.
Si juu yake. Wala si chini:
risasi iliyokwama mtutuni haina kelele,
inamngoja mwenzake wa nyuma.

Nikazima kiyoyozi. Nje nyuzi arubaini na nne,
lakini upepo wake ulikuwa ukiutikisa mkono wa mizani.
Jasho likanitiririka hadi kwenye miwani.
Nikamkumbuka mama, aliyekuwa akihesabu mizani za shairi kwa vidole,
kidole kikizidi anaufuta mstari mzima, hata kama ni mtamu.
Nilikuwa nikimwona mchoyo.

Risasi kumi.
Zililia kama mlango wa friji.
Maganda yakadondoka karibu na vidole vya miguu,
na vijana wa meza ya pili wakaangaliana.
Muhanna masikio yamemwiva.

Tulipobaki wawili akatia mkono mfukoni,
akatoa ganda moja, akaliweka juu ya kitabu.
Ubavu umepasuka. Fataki imelala bapa kama sarafu iliyopitiwa na gari.
"La nani?"
"La jamaa wa Sohari."
"Umeliokota lini?"
"Kabla ya Jumatano."

Nilikuwa na maneno, Mungu anajua nilikuwa nayo,
tangu siku ya risiti nimeyapanga kama vidonge.
Nikameza moja moja.
"Na mkono wake?"
"Mzima. Safari hii."

Nikamsogezea daftari.
Akaandika tarehe, jina la baruti, namba ya kopo,
uzito wa kichwa, aina ya fataki, urefu wa risasi nzima,
kitabu gani, ukurasa gani.
Mwandiko wake mbaya, ila unasomeka.
Kisha akainua kalamu, akaniuliza kama tupande kidogo leo leo.

Nikamwambia jua limeshazidi, na mimi nimechoka,
na maganda kumi hayo hatujayatazama bado.
Akayakusanya kwenye kofia yake.
Akawasha kiyoyozi.
Tukayatazama, moja baada ya jingine, mpaka adhana.